Utetezi wa Bariyeri ya Mvua

Imeenea miongoni mwetu wa mashariki mwa Kongo, kuanzia Kanyabayonga mpaka Beni, na imeenea vilevile duniani kote kwa watu wapendao kusafiri nje ya lami, rai isemayo kwamba njia mbaya ni adui, kwamba adui hushindwa kwa nguvu, na kwamba nguvu hiyo hununuliwa dukani: mwenye jeep inayosukumwa kwa magurudumu yote manne, yenye matairi ya meno marefu, winchi kwa mbele na hema juu ya paa, huyo amekwisha kuwa huru na mvua, na matope, na mchanga, na watu. Husemwa na vijana wa Butembo wanaorushiana picha za magari yakitimua tope mpaka madirishani. Husemwa na wageni wanaokuja kutafuta huku kwetu ile wanayoiita njia mbaya kuliko zote, ili wakasimulie kwao kwamba waliipita. Husemwa hata na wakubwa wa ofisi, ambao wakifika penye bariyeri ya mvua hupiga honi kabla gari halijasimama, kwa itikadi kwamba ule mti uliolazwa njiani uliwekwa kwa ajili ya wanyonge wenye malori. Mimi naikanusha rai hii kwa jumla yake. Nasema kwamba ardhi isiyo na lami hupitika kwa kujuliwa na kwa kungojewa, na kwamba mtu aipitaye kwa mabavu hakuishinda hata kidogo. Gharama ya safari yake ameiondoa mabegani pake akawatwika wale wanaokuja nyuma.

Kwa msomaji wa pwani au wa ng'ambo ambaye hajapata kuiona, bariyeri ya mvua ni mti, aghalabu mkaratusi mwembamba au mwanzi, uliolazwa kuvuka barabara ya udongo juu ya magogo mawili ya panda, na jiwe limefungwa shinani ili unyanyuke kwa wepesi, na kando yake kibanda cha mlinzi. Mvua ikianza, mti hushushwa. Mvua ikikatika, mti haunyanyuliwi papo hapo, bali hungojewa saa kadhaa mpaka maji yateremkie mitaroni na uso wa njia ukaze. Desturi hii tumeirithi tangu zama za Wabelgiji, na ni miongoni mwa machache yaliyobaki kutoka zama zile ambayo asili yake ni akili na si ukatili. Maana barabara zenyewe zilichimbwa milimani humu kwa jasho la babu zetu walioshurutishwa, ilhali bariyeri ilikuwa ni hila ya kulihifadhi jasho hilo lisiende na maji. Ajabu ni kwamba leo tunaitukana bariyeri na kuisifu jeep.

Sharti nieleze udongo wenyewe, kwa kuwa mabishano haya yote yanasimama juu yake. Barabara ya taifa inayotoka Goma hupanda kutoka uwanda wa Rwindi mpaka Kanyabayonga, ikapita Kayna na Kirumba, ikajinyonga mpaka Alimbongo penye baridi na ukungu, katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, ikateremkia Lubero, kisha ikauvuka mstari wa ikweta kabla haijafika Butembo. Na karibu mwendo wote huo imekalia udongo mwekundu wa mfinyanzi, katika nchi ambayo miezi mikavu kwelikweli ni michache. Udongo huu ukiwa mkavu hubeba lori la tani nyingi bila kulalamika. Ukilowa kidogo huteleza. Ukilowa sana na kukanyagwa, hubadilika tabia, ukawa uji mzito usio na mgongo. Kati ya hali hizo pana kipimo, na madereva wetu wanakijua. Nimemwona dereva wa Fuso iliyopakia viazi, mtu wa makamo, akishuka garini mapema asubuhi karibu na Kitsombiro, akachota donge la udongo katikati ya njia, akalifinyanga, kisha akalivingirisha kati ya viganja vyake mpaka likawa uzi mwembamba. Uzi ukajikunja bila kukatika, naye akajipangusa mikono kwenye suruali, akarudi kulala. Jua lilipopanda akarudia kazi ileile palepale. Safari hii uzi ulikatika vipande vipande kabla haujawa mwembamba, ndipo akawaita vijana wake waondoe mawe yaliyozuia magurudumu. Mtu huyu, kwa kadiri nijuavyo, hajapata kumsikia Mswidi Albert Atterberg, ambaye mnamo mwaka 1911 aliweka mipaka ya unyevu wa udongo wa mfinyanzi kwa jaribio hilohilo la kuvingirisha uzi, jaribio ambalo wahandisi wa barabara wanalifanya mpaka leo katika maabara zao. Hakuwa na haja ya kumsikia. Alikuwa na elimu, na elimu hiyo ilimwamuru angoje.

Sasa tazama litokealo asiyengoja apitapo. Gari jepesi lenye nguvu huingia katika udongo uliolowa, magurudumu yote manne yakizunguka kwa kasi kuliko mwendo wa gari. Huukata uso wa njia, huupiga msasa, huufinyanga kwa chini, na likitoka upande wa pili huacha mifuo miwili mirefu. Maji ambayo yangeteremkia mtaroni sasa yana mahali pa kukaa, nayo hukaa. Usiku mvua nyingine hunyesha, mifuo ikawa mifereji. Kesho lori la kwanza huingiza magurudumu yake humo kwa kukosa pengine pa kuyaweka, la pili huzidisha kina, la tatu hukalisha difu yake juu ya kigongo cha katikati na magurudumu yakabaki yakizunguka hewani. Hapo ndipo pazaliwapo lile shimo ambalo sisi, kwa neno tulilochukua kwa Wafaransa, twaliita burubie, nalo likizaliwa halifi bila kifusi na mawe. Mwenye jeep yu wapi saa hiyo? Yuko Butembo, amekwisha kuoga, anawaonyesha wenziwe picha. Mwanamke wa Kipese aliyekopa fedha kununua magunia ya kabichi na vitunguu yuko juu ya shehena, ananusa mtaji wake ukioza.

Hii ndiyo hesabu ambayo wasifuji wa magari hawaifanyi. Wao huhesabu muda wa gari moja kutoka hapa mpaka pale, wakasema kwamba gari lililopita limeshinda. Lakini njia si mali ya gari moja, na saa nne alizoziokoa mmoja zaweza kuwa siku nne kwa magari arobaini. Nilisimama siku moja penye bariyeri ya upande wa Musienene, mvua ikiwa imekatika muda mfupi tu, ikaja jeep nyeupe na kijana akatoa kichwa dirishani. «Muzee, fungua,» akasema, «hii ni jeep, haiogope matope.» Mlinzi, aliyekuwa amejifunika gunia kichwani, hakuinuka. «Mutoto wangu,» akajibu, «haiko jeep naogopa, barabara ndiyo naogopea.» Sijui hoja iliyo nzito kuliko hiyo katika yote niliyoyasoma juu ya usafiri wa bara, na kama watungaji wa sheria zetu wangelielewa jibu la mzee yule kama lilivyo, nisingekuwa na sababu ya kuandika.

Ni haki kuuliza rai hii ya nguvu ilitoka wapi, kwa sababu haikuzaliwa milimani kwetu. Mwaka 1924, tarehe 28 Oktoba, magari manane ya kampuni ya Citroën, yenye mikanda ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma, yaliondoka Colomb-Béchar kusini mwa Aljeria chini ya uongozi wa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, yakavuka Sahara, yakapita Kongo ya Kibelgiji, yakafika Kampala na huko yakagawanyika makundi manne, na mnamo Juni mwaka uliofuata Haardt akawasili Madagaska. Filamu ya safari hiyo, iliyotengenezwa na Léon Poirier, ilionyeshwa Ulaya mwaka 1926, na watazamaji wakafahamishwa kwamba mashine imeivunja Afrika. Walichofahamishwa kwa uchache ni kwamba msituni kwetu mashine zile zilipita juu ya njia iliyokwisha kufyekwa mbele yao na mikono ya wenyeji kwa amri ya serikali. Gari lilipata sifa, panga halikutajwa.

Baada ya hapo mwendo ni uleule. Thierry Sabine, Mfaransa aliyepotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya mwaka 1977 na akaokolewa akiwa karibu kufa, hakutoka jangwani na funzo la hadhari, bali na azma ya kuwapeleka wengi zaidi; mashindano yake ya kutoka Paris mpaka Dakar yalianza mwishoni mwa Disemba 1978, na yeye mwenyewe alikufa Januari 1986 helikopta ilipoanguka nchini Mali wakati wa mashindano hayo. Miongoni mwa waliouawa katika miaka ya mbio zile wamo watoto wa vijijini waliosimama kando ya njia kutazama, njia ambayo siku nyingine zote ilikuwa ya mbuzi na ya ndoo za maji, na siku hiyo ikageuzwa uwanja. Mwaka 2008 mbio zilifutwa kwa kuhofia usalama nchini Mauritania, zikahamia Marekani ya Kusini, na tangu 2020 zinafanyika Saudia. Na hata nchi yetu, ilipokuwa ikiitwa Zaire, ilifanywa uwanja wa namna hiyo, mwaka 1983, wakati msafara wa Land Rover uliojulikana kama Camel Trophy, uliobeba jina la sigara, ulipoletwa katika misitu yetu ili wanaume wa Ulaya wapigwe picha wakijinasua katika tope. Lile ambalo kwa dereva wa Lubero ni msiba wa kazi, kwao lilikuwa ndiyo shabaha ya safari. Picha hizo zimezunguka miaka arobaini, zimerudi kwetu katika simu za vijana, nao wamezipokea kama elimu.

Lakini jangwa lenyewe, ambalo wasifuji wa nguvu hulitaja kama shahidi wao mkubwa, likihojiwa vizuri hutoa ushahidi dhidi yao. Wakati wa vita kuu vya pili, jeshi la Uingereza liliunda mwaka 1940 kikosi cha kusafiri mbali jangwani, Long Range Desert Group, kikiongozwa na Ralph Bagnold, ambaye kwa miaka mingi kabla ya vita alikuwa akiyavuka majangwa ya Misri, Libya na Sudani kwa gari za Ford za kawaida, zile zilizosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Kikosi chake kilianza na lori za Chevrolet za tani moja na nusu, nazo pia za magurudumu mawili. Kikapewa baadaye Ford nzito zenye kusukumwa kwa magurudumu manne, kikaziona zinakunywa petroli kupita kiasi na kuchosha mafundi, na mwaka 1942 kikarudia Chevrolet za magurudumu mawili. Hawa walikuwa vitani, roho zao zikitegemea gari kutoka mchangani. Lau nguvu ya magurudumu manne ingelikuwa ndiyo siri ya jangwa, wangelijua wao kabla ya wote.

Basi siri ilikuwa nini? Ilikuwa ni kuujua mchanga. Bagnold aliusoma mchanga kama kadhi asomavyo mashitaka, punje kwa punje, hata mwaka 1941 akachapisha kitabu cha fizikia ya mchanga upeperushwao na upepo ambacho wataalamu bado wanakirejea. Alijifunza kutazama rangi na mkunjo wa mchanga ili ajue wapi umeshikamana na wapi umelegea. Alipunguza upepo wa matairi ili chapa ya tairi irefuke na uzito utawanyike. Alibeba mabamba ya chuma, yaliyokuwa yametengenezwa kuezekea mahandaki ya vita vya kwanza, akayatia chini ya magurudumu kila gari lilipokwama. Alifunga bomba kutoka kwenye rejeta mpaka kwenye kopo la maji ili mvuke usipotee, ugeuke maji tena. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho mabavu. Vyote ni adabu mbele ya ardhi, na katika adabu hiyo mna kusimama, kushuka, kutazama, na mara nyingi kungoja ubaridi wa alfajiri.

Na hatuna haja ya kwenda kwa Waingereza. Ndugu zetu Waomani wasemao Kiswahili, ambao wengi wao asili yao ni eneo la Sharqiya, Ibra na vitongoji vyake, wanaishi kando ya mchanga wa Wahiba; na kila aliyefika Bidiya, mji ulio ukingoni mwa mchanga huo, ameona jinsi magari yanavyosimama kwanza, watu wakashuka, wakainama kwenye matairi wakatoa upepo, kabla hayajakanyaga tuta la kwanza, na yakitoka husimama tena kujaza. Kule Kenya, katika kaunti ya Marsabit, jangwa la Chalbi ni kitanda cha ziwa la kale, jeupe kwa chumvi, tambarare na gumu wakati wa kiangazi kiasi cha kumdanganya mtu kwamba ni uwanja wa ndege. Mvua ikinyesha, tambarare hiyo hugeuka tope lenye ngozi nyembamba juu, na dereva wa Kigabra wa North Horr au Kalacha huweka gari kando, akanywa chai, akangoja ngozi ikauke kwelikweli. Anayecheka kungoja kwake hukutwa kesho yake katikati ya weupe ule, gari limezama mpaka kwenye milango, na hakuna hata kijiti cha kutia chini ya gurudumu.

Turudi Lubero, tuwatazame wanaoilisha nchi hii hasa. Ni Fuso na Mercedes kuukuu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ni pikipiki, zenye gurudumu moja tu la kusukuma, zinazobeba magunia mawili ya maharage na mama mwenye mtoto. Ni chukudu, baiskeli ile ya mti isiyo na injini wala minyororo, inayoteremsha viazi na kuni kwa uzito wa dunia na breki ya kandambili. Mawese yatokayo upande wa Manguredjipa, kakao ya Beni, viazi vya Masereka na Kipese, ngano na vitunguu vya vilimani, hakuna kilichofika sokoni Butembo kwa hisani ya jeep ya kifahari. Vimefika kwa watu wanaojua wapi pa kusimama. Mwenye kudai kwamba bara hili linapitika kwa mashine kubwa tu, na aeleze sisi tumekula nini miaka yote hii.

Kungoja huko kuna makao yake, nayo ndiyo kambi ya kweli ya nchi hii. Wapendao hema juu ya paa hutuambia kwamba uzuri wa kulala porini ni kuwa peke yako, mbali na watu, ukijitosheleza kwa kila kitu. Pale lori zinapozuiwa na mvua karibu na Alimbongo hali haiwi hivyo. Turubai hufunguliwa upande mmoja wa shehena na kufungwa mitini. Vijana wa lori, ambao huku twawaita makonvwayeri na wenzetu wa Tanzania wangewaita utingo, huwasha moto wa mkaratusi, ambao hutoa moshi mwingi kwanza na joto baadaye. Mama wa kijiji cha karibu huleta bugali wa muhogo na sombe, chai ya tangawizi, na kwa wanaotaka, kasiksi, pombe ya ndizi, katika bidoni ya njano. Abiria huulizana wanatoka ukoo gani. Anayekwenda mazishini hupewa nafasi karibu na moto. Dereva hupata habari ambazo hakuna ramani inayozitoa: daraja gani limeng'oka mbao, kilima gani kimeporomoka, nani amepita na lini. Nasema waziwazi kwamba napenda kambi hizi kuliko hema lolote, na kwamba msafiri aliyezikwepa kwa ajili ya kujitosheleza amekosa nusu ya nchi aliyokuja kuiona.

Nimesikia majibu yanayotolewa dhidi ya haya, na mawili kati yake hayadharauliki. La kwanza ni la mgonjwa: je, mwenye uchungu wa uzazi naye angoje udongo ukauke? Hasha. Gari la wagonjwa lipite saa yoyote, na bariyeri zote tangu zamani zilikuwa na ruhusa hiyo. Lakini tusimfiche yule anayewafikisha wagonjwa wengi wa vilimani penye barabara: ni mabega ya wanaume wanne chini ya machela tunayoiita tipoyi, na pikipiki baada yake. Tulipopatwa na Ebola, tangu ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mpaka ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287, jeep zilijaa Beni na Butembo kuliko wakati wowote. Nami nashuhudia kwamba zile zilizopita mbio vijijini na vioo vimefungwa zilizalisha shaka na hasira, ilhali muuguzi aliyeshuka, akaamkia wazee, akangoja ajibiwe, alifunguliwa milango ya nyumba. Haraka ilikuwapo, na wala haikuhitaji kukosa adabu.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo ni la usalama. Tangu Oktoba 2014 watu wetu wa Beni wamekuwa wakichinjwa, njia ya kwenda Kasindi na ile ya kwenda Komanda zimelowa damu, magari yameunganishwa katika misafara ya kusindikizwa na askari, na vita vya kusini vimefika Kanyabayonga, uliotekwa mwishoni mwa Juni 2024. Katika nchi kama hii, husema wapinzani wangu, kungoja njiani ni kujitoa kafara. Naiheshimu hoja hii kwa sababu imelipiwa kwa roho. Hata hivyo naomba ipimwe kwa insafu. Mtu aliyengoja penye bariyeri amengoja mahali palipochaguliwa, penye kijiji, penye watu wanaojua usiku uliopita ulikuwaje. Mtu aliyelazimisha gari lake tope likiwa bichi naye atangoja, maana atakwama, lakini atangoja pale tope litakapomchagulia, kwenye kona, msituni, jua likitua, taa zikiwaka na injini ikinguruma ili wote wasikie alipo. Na aliyekwama huwafungia njia walio nyuma yake wote, msafara mzima, pamoja na askari wake. Hatari haiondoi hoja yangu, huizidishia uzito.

Wanaosema kwamba bariyeri imegeuzwa chombo cha kukamua fedha wanasema kweli, nami sitawapinga hata kwa herufi moja. Pana bariyeri zinazoshushwa jua likiwaka, na walinzi ambao mvua yao ni noti. Huo ni wizi na uadhibiwe kama wizi. Lakini hakimu akila rushwa hatuvunji mahakama tukamwachia kila mtu rungu lake. Na anayepita bariyeri ya mvua kwa kumpa mlinzi kitu ni mshirika wa ukamuaji huo huo anaoulalamikia, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kwamba mti una bei.

Na kuna wanaoniambia ningoje lami, mabishano yatakwisha yenyewe, maana Kongo na Uganda zilizindua pale Mpondwe mwezi wa Juni 2021 kazi ya kutengeneza kilomita 223 za barabara, zikiwamo Kasindi mpaka Beni na Beni mpaka Butembo. Naitakia kazi hiyo kila la heri. Lakini Kasugho, Luofu, Kyondo, Manguredjipa, Masereka na vijiji vyote vinavyozalisha kile kitakachobebwa juu ya lami hiyo vitabaki juu ya udongo mwekundu kwa miaka ambayo sitaki kuihesabu, na kadiri lami itakavyozidisha magari, ndivyo yatakavyozidi magari ya haraka yanayoiacha lami na kuingia udongoni na mazoea ya lami.

Ninachotaka hakina gharama ya winchi moja. Bariyeri za mvua zirudishwe kwenye njia zote za udongo za Lubero na Beni, chini ya kamati za vijiji vinavyopakana nazo, na mlinzi awe mtu wa kijiji hicho anayelipwa pia kwa kuzibua mitaro kwa jembe siku za jua. Ubao uandikwe saa mvua ilipokatika na saa mti utakaponyanyuliwa, kwa chaki, wazi, asomaye asome. Paezekwe banda la abiria lenye mafiga na choo. Atakayelipa faini kwa kupita kinyume cha saa apewe risiti yenye muhuri, na fedha hiyo inunue kifusi cha burubie iliyo karibu. Gari la wagonjwa lipite. Wengine wote, mwenye duka, mwenye shirika, padri, mchungaji, mbunge, na mgeni mwenye hema juu ya paa, wasimame kwa zamu waliyofika, na jeep iliyofika nyuma ya Fuso ya viazi iondoke nyuma yake.